Mbuzi Watatu na Maneno ya Kisilu

Kisilu wa Sultan Hamud alikuwa na mali ya aina mbili: mbuzi watatu wa mbegu ya gala, wanene kama makasisi, na maneno mazito yasiyo na idadi. Maneno aliyapata bure, kwenye kurasa za kamusi alizofungiwa mandazi. Mafuta yalikuwa yamekula maelezo yakabakiza maneno, naye hakuona hasara. Alishajua kwamba mtu akisikia neno asilolijua haulizi. Anatikisa kichwa, asionekane mshamba. Aibu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha Kisilu.

Kule Zombe, kwa mfano, mzee mmoja alimkabidhi fahali akaboreshwe damu kwa mtambo wa kisasa. Damu haikuboreshwa. Fahali aliuzwa, na fedha zake ndizo zilizonunua hao mbuzi watatu.

Sasa alikuwa amepanda milima ya Mbooni, akaona kitu kikamtoa mate: mtamba wa gredi, chotara wa ng'ombe wa kizungu, amefungwa nyumbani kwa Mama Kalunde, mjane mshika dini.

"Mama, nimetumwa na mradi wa mifugo," Kisilu akaanza. "Nakuachia mbuzi hawa wawe dhamana. Mtamba naenda naye, arudi na mimba ya fahali wa ng'ambo. Zohali yake, kwa ghamidha, ni bulibuli tupu!"

Kwa heshima ya lugha, isemwe hapa kwamba zohali ni sayari na bulibuli ni kofia.

Mama Kalunde akashika shavu. "Asi! Hicho ni Kiswahili cha redio kabisa! Ngoja niite watu, mwanangu. Lakini ukiongea nao usikipunguze. Hapa tunapenda kile kigumu."

Nani asiyependa sifa? Majirani walipojaa uani, Kisilu akajisahau. Akamwaga zohali, akamwaga taksiri, akapandisha bulibuli mara tatu, mtamba asimtaje hata kidogo. Akapigiwa makofi na vigelegele, kisha akaingizwa ndani kwa heshima, akaletewa chai na viazi vitamu.

Akiwa kwenye kikombe cha pili akasikia harufu ya nyama. Akatoka mbio. Mbuzi wake mkubwa alikuwa ananing'inia mtini, bila ngozi.

"Mbuzi wangu!"

"Wetu," akasema Mzee Kyule, shemeji wa mjane, akinoa kisu. "Kijana analeta mbuzi watatu kwa kina msichana, anaongea mbele ya wazee, mmoja anachinjwa. Hiyo ni nini kama si ntheo? Umemchumbia Nzisa, binti yetu. Karibu nyumbani."

"Mimi? Sikusema hivyo!"

"Mama Kalunde ametutafsiria."

"Amekosea!"

"Basi turekebishe, mwanangu," Mama Kalunde akasema kwa upole. "Zohali ni nini?"

Maneno yote yalikuwepo kichwani mwa Kisilu, yamejipanga vizuri, na hakuna hata moja lililokuwa tayari kumtetea.

"Na ukishafafanua," Kyule akaongeza, "tupange ng'ombe wa mahari."

Kisilu akaomba ruhusa ya kwenda msalani. Alipopita choo hakugeuka. Aliteremka kijia chote akianguka na kuinuka, hadi barabarani, akarukia pikipiki ya Kimeu, kijana wa bodaboda wa hapo.

"Twende! Wanataka kuniozesha Nzisa!"

"Nzisa wa Mama Kalunde?" Kimeu akacheka hadi pikipiki ikayumba. "Huyo aliolewa kitambo, bro. Anakaa mjini Wote na watoto wawili."

Kisilu akageuka kutazama kule mlimani. Mbuzi wote, mtaji wote, na bibi harusi hayupo!

"Ule mzee wa Zombe uliyemkulia fahali ni kaka yake Mama Kalunde," Kimeu akaendelea. "Alipigia watu wote wa huku simu. Akasema, akikuja kijana wa bulibuli, msimkatize, muacheni aongee." Akawasha pikipiki. "Kwani bulibuli ni nini?"

"Sijui," Kisilu akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu asubuhi.