Mimi, Marehemu wa Gari Namba Kumi na Saba

Kwa Mkuu wa Makumbusho ya Magari na Ndege za Zamani,

Kuhusu: kifo changu

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi pia ni mzima, na hilo ndilo hasa linalonifanya nishike kalamu.

Jumapili iliyopita mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, alinichukua kuja kuangalia magari ya mashindano mliyoyapanga kwenye ukumbi wenu mpya. Ni kijana mwenye adabu, hatembei mbele yangu. Lakini tulipofika kwenye lile gari la kijani, namba kumi na saba, alinipita haraka, akasimama mbele ya kibao na kutandaza koti lake kama mtu anayeanika nguo. “Baba,” akaniambia, “tuanze na ndege.” Nilimsogeza. Nikasoma. Tangu saa hiyo sijatulia, na malalamiko yangu ni haya.

1. Kibao kinasema: “Gari hili liliendeshwa na marehemu Vumbi, dereva jasiri, lakini likashindwa na ndege iliyo juu yake.” Vumbi ni mimi. Hilo jina nilipewa na watu waliokuwa wakisimama nyuma yangu, na walikuwa wengi. Nilimwendea dada mwongoza wageni, yule mwenye miwani, nikamuuliza kwa upole marehemu alifariki lini. Akasema, “Zamani sana, mzee wangu. Mbio ndizo zilimmaliza.” Nikamwambia, “Marehemu ndiye mimi.” Alinitazama kwa huruma, kisha akamgeukia mkwe wangu na kumuuliza kama nimeshakula mchana. Mwishowe akanishika mkono, akasema, “Pole sana, baba. Ila naomba usiegemee kamba.” Mheshimiwa, nimelala chini ya lile gari miaka saba nikiziba oili kwa matambara. Leo naambiwa nisiegemee kamba.

2. Ndani ya gari mmeweka sanamu, na nimeambiwa sanamu hiyo ni mimi. Ina sharubu. Sijawahi kufuga sharubu, kwa sababu gari lile halikuwa na kioo cha mbele na wadudu wangekaa humo. Ina skafu nyeupe shingoni; mimi nilikuwa najifunga taulo la mke wangu, naye mpaka leo hajanisamehe. Isitoshe, imeshika usukani kama mtu anayebeba sinia la vikombe. Kwa mkao ule angetoka barabarani kona ya kwanza.

3. Ndege mmeining’iniza juu ya gari langu kwa nyaya. Ni ile ile, yenye mabawa mawili ya kitambaa na pangaboi la mbao. Inadondosha oili kwenye boneti yangu, nanyi badala ya kuihamisha mmeweka beseni. Ndege ile ilinipita mara moja tu maishani, tena kwa hila. Sasa mmeiweka juu yangu milele.

4. Hapa niruhusu nieleze kwa kirefu, maana ndipo penye kiini. Miaka arobaini na moja iliyopita, mimi na rubani mmoja tuliyemwita Mawingu tulibishana nani ana mashine yenye mbio zaidi. Tulikuwa marafiki wa kuazimana spana. Tukakubaliana kushindana kwenye njia ya kurukia ndege ya uwanja wa zamani: kutoka bendera hadi pipa, basi. Watu wakajaa pande zote. Bendera ikashuka, nikaondoka. Hadi katikati nilikuwa mbele, na waliokuwepo wanajua. Kisha nikasikia mngurumo juu ya kichwa, kofia ikanitoka, na tumbo la ndege likanipita karibu kiasi ambacho ningeweza kulipapasa.

Aliruka, Mheshimiwa! Katika mashindano ya njia, mshindani mmoja aliiacha njia. Mkimbiaji akipanda baiskeli katikati ya mbio hapewi kombe. Kati ya washindani waliokuwa ardhini, wa kwanza kufika kwenye pipa nilikuwa mimi. Kwamba pipa nalo nililipitia na kuliburuta hadi shamba la mahindi ni habari ya breki, si ya ushindi. Nilipotoka kwenye mahindi nilimwambia Mawingu, “Umedanganya.” Akanijibu, “Ndege huruka, ulitaka ifanye nini?” Hatukusemezana tena. Tumeishi mji mmoja miaka yote hiyo. Kwenye harusi tulikaa kila mtu upande wake, na mmoja akiingia kwa kinyozi mwingine alitoka na nywele nusu.

5. Madhara ya kibao chenu hayakuishia ukumbini. Jumanne Mawingu naye alipita hapo makumbusho, akasoma, akaamini. Jumatano asubuhi akabisha hodi kwangu amevaa koti jeusi, mkononi ana mfuko wa sukari. Mke wangu akafungua. Mimi nilikuwa uani narekebisha bomba, lakini dirisha lilikuwa wazi na nilisikia kila kitu. “Shemeji,” alisema. “Shemeji, nimechelewa. Nimechelewa mno.”

Mke wangu angeweza kumwambia ukweli papo hapo. Hakumwambia. Alimkaribisha kiti, akamtilia chai, akamwambia, “Sema tu shemeji, toa la moyoni.” Kwa robo saa nzima nilisikia nikisifiwa kuliko nilivyowahi kusifiwa nikiwa na kombe mkononi. Alisema hakuna aliyejua kusikiliza injini kama mimi. Alisema kila akifika kwenye pembe ya barabara yetu alitaka kukata kona aje, na kila mara miguu ilikataa. Halafu akasema, naomba usome kwa makini: “Alikuwa ananiongoza, shemeji. Niliona hatanipa nafasi, ndiyo maana nikaruka.”

Nikaingia na spana mkononi. Nikasema, “Rudia hapo.”

Mawingu alipiga ukelele, chai ikaenda ukutani. Alinishika mabega, akanishika masikio, akalia, akacheka, akanikumbatia na grisi zangu zote. Kisha akajifuta uso na kusema, “Kumbe uko mzima! Basi ninayafuta yote.”

Unaona hasara mliyonitia? Kwa kosa lenu nilipata ungamo nililolingoja miaka arobaini na moja, na kwa uhai wangu nikalipoteza kabla chai haijakauka.

6. Tangu siku hiyo anakuja kila siku. Anakaa kwenye kiti changu. Meza ya chakula imegeuzwa uwanja: vizibo vya soda ni gari, ndege na pipa, na mke wangu anaambiwa asipange sahani mpaka ndege itue. Jana tulibishana kuhusu upepo hadi jirani akaja kutuamulia, naye sasa anashika upande wa ndege.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, mnifufue kwa maandishi. La pili, muandike kwamba nilishinda. Na kama makumbusho yanashikilia kwamba nimekufa, basi nipewe haki kamili za marehemu, yaani nisemwe vizuri. Haiwezekani mtu mmoja afe na pia ashindwe kwenye kibao kimoja. Chagueni. Mkikataa yote, nitakuja mwenyewe nitoe ile sanamu, nikae kwenye usukani saa zote za kazi, na dada mwongozaji awaeleze wageni marehemu anapiga chafya kwa nini.

Nisalimie mlinzi wa mlangoni, mama anayepiga deki, fundi anayefuta magari (mwambie plagi ya tatu haikukazwa, inaonekana kwa macho) na dada mwenye miwani, ambaye simlaumu. Aliuliza kama nimekula, na ukweli ni kwamba sikuwa nimekula.

Wako, nikiwa hai hadi tarehe ya barua hii,

Vumbi, dereva

N.B. Mawingu amefika nikiwa naandika bahasha. Nilimpa barua aisome na aweke sahihi kama shahidi kwamba ninapumua. Aliisoma yote, akasahihisha maneno mawili, akashika kalamu, kisha akaiweka mezani. Akaniambia, “Wakishasahihisha, mimi nitakuwa nakuja hapa kubishana nini?” Mke wangu akaondoa sahani mezani ili tuendelee na vizibo vyetu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tafadhali kibao kisiguswe hata herufi. Mimi nabaki marehemu, yeye anabaki mshindi. Jumamosi saa nne tutakuja wawili, tusimame nyuma ya wageni. Dada akisimulia, asitujali. Akisikia minong’ono ya “mwongo” na “hata wewe”, aendelee tu.