Makala Isiyonukuliwa

Jumatatu, 9 Juni
Baridi! Mlima haujaonekana tangu asubuhi. Nimefungua kompyuta kuangalia kama kuna mtafiti yeyote duniani aliyeinukuu makala yangu ya vidonda vya wagonjwa wanaolala kitandani muda mrefu. Hakuna. Hata mmoja! Theresia, mwalimu mwenzangu hapa chuo cha uuguzi, ananukuliwa hadi Brazili. Aliandika kuhusu wauguzi kuchoka kazini. Mada inayotamba. Leo walimu wamempigia makofi. Nami nimepiga. Polepole. Anayenukuliwa anasomwa, na anayesomwa ana watu.

Jumanne, 10 Juni
Mpango! Wanafunzi wanaandika ripoti za utafiti. Nimewadokeza kwamba ripoti nzuri huitaja makala yangu. Mmoja wao, Tajeu, akauliza, na anayetafiti malaria kwa wajawazito je? Nikamwambia mjamzito naye hulala.

Alhamisi, 12 Juni
Ripoti zimeletwa. Wote wameninukuu! Ila wamenakiliana, na wote wameandika Gabriel. Mimi ni Gadiel! Malaika sasa ananipita kwa nukuu.
Jioni nimepika ndizi. Tangu dada Lydia aolewe Moshi bado napikia sufuria lile kubwa. Nakula hadi kesho yake.

Ijumaa, 13 Juni
Nimechunguza upepo unakovuma. Siku hizi uuguzi wote ni akili mnemba. Nikaandika makala mpya: Akili Mnemba na Vidonda vya Kitandani. Ndani ni ile ile ya zamani, nimepachika tu "mnemba" kila ukurasa. Jarida limejibu chai haijapoa. Limeikataa. Eti inafanana mno na makala moja ya zamani. Furaha iliyoje! Kumbe kuna aliyeisoma! Nikaandika haraka kuuliza ni nani huyo, tufahamiane. Nimejibiwa kwamba aliyegundua ni mashine.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeandaa mhadhara kuhusu makala yangu. Nikaalika walimu wote. Chai, maandazi, viti vimepangwa. Amekuja Theresia peke yake. Nikataka kuahirisha. Akasema hapana, yeye amekuja kusikiliza.
Nikasoma. Niliporuka sehemu ya ratiba ya kumgeuza mgonjwa, akanikumbusha. Ameikariri! Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia mama yake alilala kitandani mwaka mzima kule Olmotonyi, na yeye na ndugu zake walikuwa wakimgeuza kwa kufuata ratiba yangu.
"Mwalimu Gadiel," akasema, "tulimzika mgongo wake ukiwa mzima."
Nilitaka kusema neno jema. Nikasema, "Sasa mbona hukuninukuu?"
Akacheka. Kisha akapendekeza tuandike pamoja, jina langu litangulie. Na kesho baada ya ibada nikale loshoro kwao, yale mahindi ya maziwa mgando, ndugu zake wangependa kuniona. Nikasema nitafikiria.

Jumapili, 15 Juni
Nimefikiria ibada nzima. Mahubiri sikuyasikia. Ni mtego! Nani hutoa jina la kwanza bure? Anavitaka vidonda vyangu! Nimemtumia ujumbe kwamba nina mafua. Amenijibu pole, akauliza kama aniletee loshoro huku Akheri. Mjanja huyu! Nikamwambia mafua yangu yanaambukiza vibaya.
Manyunyu tangu mchana. Nyumba kimya. Na katika kimya hicho, wazo! Nitaandika makala ya pili ambayo itainukuu ya kwanza. Nitajinukuu mwenyewe! Nashangaa sikuliona hili mapema. Hahitajiki mtu mwingine yeyote.