Terere Kwenye Karoti za Bwana Baruti

Jumapili, 14 Juni 1998

Leo nimepata biashara.

Ilikuwa baada ya ibada, kwenye maegesho ya kanisa letu hapa Laurel, Marekani. Bwana Baruti akaniita kando. Huyu ni Mmarekani mweusi aliyesoma Kiswahili chuoni miaka ya sabini na hajakiacha tangu hapo. Huja kwenye ibada yetu ili akisikie, ingawa akitusikia huwa anakunja uso kidogo. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Changu ni cha Kericho, kimekunjwa tu na kutiwa mfukoni.

Bwana Baruti ana shamba nje ya mji, la babu yake. Analima bila dawa wala mbolea ya dukani. Mwenyewe anakiita kilimo hai. Akafungua gari, akatoa mmea, ameushika kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Akasema gugu hili linammalizia karoti zake. Je, kwetu lipo? Tunapambana nalo vipi?

Nikatazama. Terere, mboga ya kwetu. Terere changa, laini, majani mapana kama sikio la ndama.

Nilijizuia. Nikatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Nikamwambia pole sana, ndugu, hili nalijua, ni sugu. Nitakuja mwenyewe kuling'oa, na sitaki malipo. Hata takataka yake nitaibeba niende nayo mbali, lisije likaota tena. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema mimi ni jirani mwema.

Hakuna Mkenya hapa aliyeonja terere ya kweli tangu ashuke kwenye ndege. Tunakula sukuma wiki ya supamaketi, ambayo Ndirangu, dereva wa basi la kanisa, huinunua Ijumaa na kutuuzia Jumapili kutoka kwenye buti la gari lake, kana kwamba ameilima. Ndirangu ajiandae.

Edah, mke wangu, ameuliza kwa nini natabasamu. Nimesema mahubiri yalinigusa.

Jumamosi, 20 Juni

Mgongo.

Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nanyanyua watu kutwa. Nikadhani nimezoea. Lakini mzee ukishamnyanyua unamlaza, mnaagana. Terere ukiing'oa moja, iliyokuwa nyuma yake inakutazama.

Bwana Baruti alikuwa anang'oa mstari wa pili, ananieleza. Mwisho wa Julai anakuja mkaguzi wa kilimo hai. Akikuta ardhi haijaguswa na dawa, cheti kinaendelea, na duka moja la ushirika huko Washington litaendelea kuchukua karoti. Ukipiga dawa hata mara moja, cheti kinakwenda, na ni miaka mitatu kabla ya kukipata tena. Miaka hiyo hawezi kuivuka. Jirani wa kulia ameshauza kwa wajenzi wa nyumba. Wa kushoto anasubiri tu waongeze bei.

Binti yake, Zaria, ndiye anayeendesha trekta na ofisi. Baba anamsemesha kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza. Leo alijibu kwamba kuupenda udongo ni kuzuri, lakini udongo hauling'oi gugu, na vibarua hawapatikani.

Nikamwambia Baruti kwamba mamangu alilima kilimo hai maisha yake yote, kwa sababu dawa ilikuwa ghali. Huku chakula kisichotiwa kitu ndicho cha matajiri. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta.

Nampenda huyu mtu. Inanisumbua kidogo.

Nimerudi nyumbani na terere hadi kwenye kiti cha mbele. Niliifunga mkanda.

Jumapili, 21 Juni

Imeisha kabla ya chai. Kwaya ilitoka nje kabla ya kumaliza kuimba. Domina, Mtanzania tunayefanya naye kazi, aliinusa akafumba macho, akasema jamani, mchicha. Mkongo mmoja akasema hapana, hii ni lengalenga. Mimi nikasema vyovyote muiitavyo, ni yangu.

Ndirangu alisimama karibu na sukuma yake iliyonyauka. Akaniuliza kwa upole nimeitoa wapi. Nikasema nina watu wangu. Akasema, "Watu wako watakupataje, Cheruiyot, na wewe ukitumwa Fairfax unatokea Baltimore?" Watu wakacheka. Nilipotea mara moja tu, na kulikuwa na ukungu.

Edah amekula, akaongeza. Yeye ni muuguzi. Anasema nusu ya watu wanaolazwa kwenye wodi yake wangekuwa makwao wakitazama televisheni kama wangekula hivi tangu mwanzo. Kisha akasema, "Baba Cherono, safari hii umefanya jambo la maana." Hajawahi kusema hivyo tangu nilipofuga kuku kwenye bafu la ghorofani.

Domina ameweka oda. Mwanawe anafanyiwa sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Anataka mchicha wa ukumbi mzima. Nimemwambia hakuna shida.

Jumamosi, 27 Juni

Kuna shida. Terere imeisha.

Nimeing'oa yote. Bwana Baruti alinitembeza shambani kama bwana harusi. Karoti safi, udongo mweusi, hakuna kitu kingine. Zaria mwenyewe alinipa mkono. Nadhani mimi ndiye mfanyabiashara wa kwanza kulifagia duka lake mpaka bidhaa zikaisha, kisha akapongezwa.

Ndirangu amepiga simu kuuliza kama kesho naleta. Nimesema nina mafua. Akasema naongea vizuri sana kwa mtu mwenye mafua.

Jumamosi, 4 Julai

Suluhisho limepatikana. Duka moja la Mjamaika huko Columbia Heights linauza mbegu. Wao mboga hii wanaiita kalalu, na wanaionea fahari. Gari niliacha nisije nikapotea, nikapanda mabasi kwenda na kurudi, mbegu mfukoni, ndogo kama mchanga.

Leo Wamarekani wote wamekwenda kutazama fataki. Kina Baruti pia. Mimi nilikuwa kwenye karoti zao, nimeinama, napanda.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Karoti zimeshakua, hazitaumia. Terere itatoka. Nitaing'oa kabla haijawa tishio. Baruti atanishukuru, Domina atalisha wageni, Edah ataendelea kuniheshimu. Kila mtu anapata. Sioni kasoro.

Alhamisi, 23 Julai

Kasoro ni mvua. Na zamu. Wenzangu wawili waliacha kazi kwa mpigo, na tangu nipande sijapata siku ya mapumziko. Leo ndiyo nimefika shambani.

Inafika magotini. Karoti huzioni. Ukitaka karoti unapapasa kama mtu anayetafuta miwani chini ya kitanda.

Bwana Baruti alikuwa amekaa kwenye ngazi za banda. Hakunisalimu kwa Kiswahili. Alinisalimu kwa Kiingereza, ndipo nikaogopa. Mkaguzi anakuja Jumanne. Karoti zikifia humo, mwaka umekwenda na duka la ushirika litatafuta mtu mwingine. Akipiga dawa, karoti zitapona, ila cheti kitakwenda. Zaria ameshanunua dawa. Dumu liko bandani, jeupe, na picha ya jani lililokauka. Anasema bora kupoteza cheti kuliko shamba. Baba anasema bila cheti na shamba litakwenda, polepole tu. Amemwomba binti yake amngojee hadi Jumatatu asubuhi.

Akaniambia hajawahi kuona gugu likirudi kwa nguvu hivi. Akadhani labda ni yeye, labda hakulima vizuri. Babu yake aliinunua ardhi hii ekari moja moja, akasema, na sasa mjukuu anashindwa na jani.

Nilivua shati nikaingia. Niling'oa mpaka giza. Sikumaliza hata mstari mmoja.

Chakula cha Edah kimenishinda leo.

Ijumaa, 24 Julai

Nimepiga simu kwa kila mtu kanisani. Nimewaambia terere yote iko wapi, barabara gani, geti gani, na kwamba anayeng'oa anachukua bure. Siri yangu yote. Ilikuwa kama kugawa meno yangu mwenyewe.

Basi la kanisa funguo zake anazo Ndirangu. Nikampigia. Nikasema tafadhali. Akasema simu inakwaruza, nirudie. Nikarudia. Akasema mama watoto wake naye angependa kuisikia hiyo tafadhali.

Jumamosi, 25 Julai

Walikuja. Sikutegemea wangekuja wote.

Wengine walitoka moja kwa moja zamu ya usiku, bado wamevaa sare za hospitali, wakafunga leso kiunoni na kuingia. Wazee wa kanisa walikuja na majembe. Mikono iliyokulia mashambani kisha ikafichwa miaka kumi kwenye glavu za mpira ilikuwa inakwenda kama mashine. Zaria alisimama kwenye ukingo, mikono kichwani, halafu naye akaingia, akaonyeshwa na Domina namna ya kushika shina chini karibu na mzizi.

Katikati ya asubuhi Domina akasimama, akashika kiuno. Akasema, "Jamani, magugu ya Marekani yana adabu. Yamepanga foleni."

Watu wakanyanyuka wakatazama. Nami nikatazama.

Mistari. Imenyooka kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, nafasi sawasawa, kona za digrii tisini. Nimezaliwa kwenye mashamba ya chai. Mikono yangu haijui kupanda vinginevyo, na siku ile ya fataki niliiacha ifanye inavyojua.

Ndirangu akalaza mpini wa jembe kando ya mstari. Ukalala sambamba nao bila kuacha mwanya. Akasema kumbe kuna mtu anajua kwenda moja kwa moja bila kutokea Baltimore. Kisha akanitazama. Mimi nilikuwa nikitazama wingu.

Bwana Baruti aliufuata mstari mmoja hadi mwisho, akarudi. Halafu akauliza, kwa kile Kiswahili chake kilichopigwa pasi, iwapo mbegu zinazopeperushwa na upepo zina desturi ya kujipanga. Edah, niliyemwoa kwa sababu ya macho yake, alinigeuzia hayo macho.

Baruti akainama tena. Akasema, "Basi, tumalizie mistari."

Alasiri karoti zote zilikuwa zinapumua. Kabla watu hawajanawa mikono, Zaria alilitoa dumu bandani akaliweka garini kulirudisha dukani. Lilikuwa halijafunguliwa.

Jumanne, 28 Julai

Mkaguzi amekuja na kuondoka. Cheti kipo. Duka la ushirika linachukua karoti zote.

Bwana Baruti alinipigia mwenyewe. Kwanza alinishukuru kwa kuleta watu. Nikasema si kitu. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Ndugu Cheruiyot, ungeniomba ardhi ningekupa."

Nikamwomba radhi kwa lugha zote tatu ninazozijua.

Akaniambia walichokubaliana na watu wa kanisa. Kina mama watakuja kila Jumamosi, watang'oa na kuchukua wanachotaka. Kinachobaki Zaria atakiuza sokoni pamoja na karoti, ameshaandika ubao: mchicha, terere, lengalenga, kalalu. Kumbe kuna watu wengi wanaokila na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kipo. Usafiri ni wa Ndirangu.

Na mimi? Nimepewa kipande kando ya uzio. Nilime terere yangu kihalali, mchana, watu wakiniona. Sharti ni moja: magugu yake ning'oe mwenyewe.

Edah alikuwa amesimama nyuma yangu wakati wote. Alinipakulia chakula. Sukuma ya Ndirangu.

Jumamosi, 1 Agosti

Sendofu ya mwana wa Domina. Mchicha, uliolala wiki nzima kwenye majokofu ya kanisa, ulijaa meza hadi meza. Mshereheshaji alimshukuru Ndirangu kwa kuuleta. Ndirangu alisimama akapunga mkono. Nilipiga makofi, kwa sababu Edah alikuwa ananitazama mikono.

Bwana Baruti alikuwepo, amevaa kanzu. Alikula mpaka akafungua kifungo. Akaniambia kwamba miaka yote hiyo alikuwa akikitupa chakula hiki kwenye mboji. Tukacheka wote. Nadhani amenisamehe. Sistahili, ila nimepokea.

Jumamosi, 8 Agosti

Kipande changu kina magugu.

Si terere. Terere ni yangu. Ni kitu kingine, kinatambaa chini, shina jekundu, vijijani vinene kama vya mpira. Ukikikata kinaota pale kilipoangukia. Nimeinama nacho tangu asubuhi. Mgongo wangu na mimi hatusemeshani.

Nikiwa nimekirundika nje ya uzio, mama mmoja wa El Salvador aliyekuja kununua karoti alisimama ghafla. Akaweka mkono kifuani. Akaokota shina, akalitafuna pale pale. Zaria anajua Kihispania, akanitafsiria. Kwao wanakikaanga na mayai. Hajakiona tangu alipoondoka nyumbani. Anaishi Columbia Heights, jengo zima ni watu wa kwao, na wote wangekitaka. Akajaza mfuko, akaniita jina ambalo Zaria alisema maana yake ni malaika.

Nimemsaidia kubeba mpaka kituo cha basi. Tangu hapo nafikiri.

Rundo langu litaisha wiki hii. Jengo zima ni watu wengi. Bwana Baruti ni mtu mwema, na nimemwapia kwamba karoti zake sitazigusa tena, na kiapo ni kiapo.

Viazi vitamu vyake, vilivyo upande wa pili wa shamba, hakuvitaja.

Mbegu za hiki kitu ni vumbi tupu, nimezikung'utia kwenye bahasha. Na sasa nimeshajua nilikosea wapi mara ile. Nimejifunza. Safari hii sipandi kwa mistari. Nitafumba macho na kutupa ovyo.