Paneli ya Bure na Majina ya Mwanangu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo kikundi chetu cha wakausha dagaa kimepata paneli ya kuendeshea seva, yaani kompyuta ya mbali inayobeba tovuti yetu. Ya bure! Naliandika neno hilo bila kuliamini.

Zamani tovuti yetu ya oda ikigoma, tulikuwaga tunamwita Apolinary, fundi wa hapa mtaani Mukendo, Musoma. Anafungua skrini nyeusi, anaandika mambo yake kama mganga, tovuti inafufuka. Sasa amesema amechoka kuitwa kila saa, hata akiwa chooni. Ametuwekea paneli: ukurasa mmoja, vitufe vya rangi, kila kitu cha seva unabonyeza mwenyewe. Amesema paneli za bure ni nyingi. Moja ni nzuri sana lakini inakula nguvu za seva kama ng'ombe wa kisasa. Nyingine imezeeka, walioitengeneza wameisusa. Akachagua nyepesi.

Nimemuuliza nani anafaidika. Akasema hakuna, shemeji, ni watu huko duniani wamejitolea. Hapa uani kwetu hata chumvi ya kuazima ina siku yake ya kukumbushwa.

Jumapili baada ya misa kikao kinaamua nani aitunze paneli: mimi au Diana. Wiki hii najaribiwa mimi. Diana ana cheti cha kompyuta cha Bunda, miezi mitatu. Mimi nina kidato cha nne na mwanangu Burito, miezi saba, mgongoni. Nikipata, nafanya kazi nimekaa kivulini, mtoto ananyonya. Nikikosa, tunarudi mimi na mtoto ufukweni kuanika dagaa. Mwezi uliopita jua lilimtoa mwanangu vipele mgongo mzima. Hatarudi pale. Nimesema.

Neno la siri la paneli nimeweka BURITO. Nani atafikiria?

Jumanne, 4 Machi

Wezi!

Paneli ina ukurasa unaoonyesha kila aliyegonga mlango wa seva. Jana pekee waligonga mara mia nne na kumi na mbili! Wamejaribu kila jina. Nilimpigia Apolinary palepale. Akacheka. Akasema hizo ni roboti za duniani, zinagonga kila seva, hazimjui mtu. Nikamshukuru. Sikumwamini. Roboti isiyonijua itanigongea mimi saa kumi na moja alfajiri?

Diana. Nani mwingine.

Mchana mama mkwe amefika kutoka Butiama. Amekuta Burito analia (meno, mimi naona ni meno). Mama mkwe akasema meno gani, mtoto amekataa jina, kuna mzee wa ukoo anataka kuitwa. Akampakata, akaanza kutaja marehemu mmoja mmoja. Wanjara: kilio. Mgendi: kilio zaidi. Magoto: kimya! Mama mkwe akapiga kigelegele, akasema babu mzaa babu amerudi nyumbani.

Nami nikapata akili papo hapo. Jina la marehemu wa Butiama, Diana wa Bunda atalijulia wapi? Nimebadilisha neno la siri. MAGOTO.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Diana amekuja kusalimia, majivu kwenye paji la uso, sukari kilo moja mkononi. Sukari ya nini? Akambeba mwanangu, akamrusha juu, akamwita babu Magoto, hujambo babu Magoto.

Magoto! Siku moja tu na ameshalijua! Nimemuuliza amelisikia wapi. Akasema njiani, mama mkwe wangu anaimba mpaka wauza mkaa wanaitikia. Maelezo mazuri mno. Yameandaliwa.

Nimebadilisha. Bahati nzuri saa tisa mtoto alilia tena, mama mkwe akasema Magoto amekaa kidogo ameondoka, akataja wengine, akanyamaza kwa WARYOBA. Nimeandika Waryoba. Saa kumi na mbili kilio tena. NYAMBEHO. Nimebadilisha tena. Mpaka nalala nimekuwa na mababu watatu kwenye seva.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemkamata.

Nimeacha kuangalia waliogonga. Nimeangalia walioingia. Kila aliyeingia ana namba ya mtandao wake, na kuna namba moja inaingia kila siku. Saa kumi na moja alfajiri, ipo. Kabla ya jioni imeshaingia mara nne. Nimelinganisha na saa zangu mimi: ninapoingia, inaingia. Ninapotoka, inatoka. Jumanne nilichelewa kwa sababu mtoto aliharisha, nayo ilichelewa! Mtu gani anamfuata mwenzake namna hii? Amekaa dirishani ananichungulia?

Kuna kitufe chekundu cha kuzuia namba. Saa tano na dakika arobaini na mbili nikabonyeza. Nikasema kwa sauti, nenda ukaanike dagaa wewe.

Paneli ikafa. Tovuti ikafa. Skrini nyeupe.

Sekunde tatu! Yaani nimemzuia, naye amelipiza ndani ya sekunde tatu! Huyo dada ana mkono mwepesi, lazima tukubali.

Nimejaribu simu ya Mama Clever, mke wa mwenye nyumba. Haifunguki. Simu ya mpangaji wa chumba cha kona. Haifunguki. Wote hapa uani tunatumia intaneti ya Baba Clever, ni nzuri, haijawahi kukatika, nyimbo zinafunguka, habari zinafunguka. Kwa hiyo tatizo si hapa. Musoma nzima imezimiwa tovuti yetu.

Ijumaa, 7 Machi

Kumwambia Apolinary? Hapana. Atasema kikaoni.

Nimebuni mbinu. Nimekwenda kwa Diana, mtaa wa tatu, na mtoto mgongoni, nikajifanya naomba kiberiti. Akiwa jikoni nikasema dada, hebu nifungulie tovuti yetu kwenye simu yako, yangu bando limeisha.

Ikafunguka. Palepale. Picha za dagaa, bei, kila kitu kinang'aa!

Ushahidi gani tena unatakiwa? Musoma nzima gizani, kwake taa inawaka. Akaniuliza mbona nimetoa macho. Nikasema ni moshi. Kiberiti nilikisahau.

Jumamosi, 8 Machi. Siku ya Wanawake

Tumeandamana na vitenge vyetu vipya, mvua ikatunyeshea, rangi imehamia kwenye kichwa cha mtoto. Diana alikuwa anaangalia simu anatabasamu. Akaniambia hongera mama Burito, oda zinaingia vizuri wiki hii.

Zinaingia! Kwake! Bila aibu, siku ya wanawake wenzake!

Basi nikachukua hatua. Matroni wa shule moja ya bweni ya Butiama alisema wiki hii ataagiza magunia sita, oda kubwa kuliko zote tangu kikundi kianze. Nimempigia. Nimemwambia mama, usiguse tovuti yetu, imeshikwa na mwizi, ukiagiza dagaa wako watakwenda kusikojulikana. Akashtuka, akanishukuru sana.

Nimeokoa kikundi. Kesho nitasimama.

Jumapili, 9 Machi

Nilisimama.

Nilisema yote: namba inayonifuata, sukari, Magoto, simu inayowaka peke yake. Nikasema tovuti imekufa tangu Alhamisi, na mwenye kujua amekaa pale kwenye benchi ana kucha nyekundu.

Mama Shida, mwenyekiti wetu, akavaa miwani. Akasema mbona ameifungua asubuhi. Akaitoa. Wakatoa wote. Simu kumi na nne, zote dagaa wanang'aa. Yangu tu nyeupe, kwa sababu sikuwa na bando, na mpaka jana nilikuwa nakula intaneti ya Baba Clever.

Akaitwa Apolinary. Akaja na kompyuta yake, akasoma kwa sauti, polepole, kama anasoma tangazo la ndoa: namba iliyozuiwa ni moja. Ni ya intaneti ya Baba Clever, ua wote mnatumia namba hiyo moja. Aliyezuia ni Rhobi, yaani mimi. Alhamisi, saa tano na dakika arobaini na mbili. Yule aliyekuwa anaingia ninapoingia na kutoka ninapotoka, akasema, shemeji, ni wewe.

Walicheka mpaka mtoto akaamka. Mama Shida akasema ameshaona mtu anajifungia nje, lakini kujifungia nje halafu ukampiga jirani kwa kukufungia, hiyo ni mpya Musoma.

Kisha kicheko kikakatika. Oda ya Butiama iliingia Ijumaa, jana jioni imefutwa. Wakaniangalia. Nikamwangalia mwanangu. Niliona ufukwe, niliona vipele. 

Diana akainuka. Nikajua sasa ananimaliza. Akatoka nje na simu. Akarudi, akasema matroni ameelewa, ameagiza upya, magunia sita. Halafu akasema yeye paneli haitaki. Ana saluni, alfajiri analala. Akasema mlango unataka mlinzi mwenye mashaka, na mashaka ya mama Burito yanatosha mkoa mzima, aachiwe.

Wakapiga makofi. Apolinary akakubali kwa sharti moja: nisiguse kitufe chekundu. Nikaapa mbele ya wote, mkono juu ya kichwa cha mwanangu.

Jumatatu, 10 Machi

Apolinary alishanifungulia. Kazi ni yangu. Mtoto yuko kivulini, amelala, na jino limetoka! Moja, la chini, dogo kama punje ya mchele. Nimelibusu. Mama mkwe ameliona naye akasema basi, wazee wamekubali, Burito abaki Burito.

Nimekaa na amani yangu kama nusu saa.

Kisha nikawaza. Diana amenipa kazi. Hakuomba kitu. Bure! Jumatatu paneli ya bure, Jumapili kazi ya bure. Wananizungushia nini hawa?

Nikafungua ukurasa wa walioingia. Na kweli! Jana, wakati mimi niko kikaoni na mashahidi kumi na wanne, kuna mtu ameingia kwenye paneli. Namba ngeni kabisa. Ameingia, ameondoa zuio langu, ametoka. Amefanya kazi safi kama mwenyeji, mtu anayeijua seva yetu kuliko mimi.

Niliapa. Lakini niliapa kuhusu majirani, si kuhusu mwizi wa kweli.

Nimebonyeza. Amezuiwa.

Nimempigia Apolinary nimpe habari njema. Akasema nisubiri kidogo, paneli inamgomea, hata yeye haelewi. Unaona! Ameshaanza na fundi!

Nimebadilisha na neno la siri. Wamezoea kunisikia na mababu, sasa nimewarudisha nyuma: BURITO. Hakuna atakayefikiria. Huko nje mama mkwe anamwonyesha mtoto jua, anamwita jina lake kwa sauti ya kigelegele, na ua mzima unaitikia.