Kamati ya Kurejesha Majani ya Ofisi

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Mwanza, walio majumbani na walio bombani wakisubiri maji, kwamba kila jani lenye mabaka meupe ni mali ya ofisi mpaka mwenye nalo athibitishe vinginevyo. Tangazo hili lilisomwa kwa kipaza sauti Igogo na Mkuyuni, na mimi nilikuwa ndani ya gari lililolisoma, kiti cha mbele, rozari mkononi. Kwa hiyo ninachosimulia si umbea. Ni taarifa.

Chanzo chake ni msiba. Ua la Bwana Mashimba, Mratibu wa Mandhari ya Ndani, lilifariki. Lilikuwa ua la kutambaa, majani ya kijani kama yaliyomwagikiwa maziwa, na lilikaa pembeni mwa meza yake likipokea heshima zote za ofisi, pamoja na mabaki ya chai ya kila kikao. Chai hiyo nilikuwa naipeleka mimi. Nilipomkuta Mratibu ameshika tama mbele ya chungu kikavu, na mgeni mkubwa kutoka juu yuko njiani, nikamwonea huruma.

"Usihangaike, baba," nikamwambia. "Ninalo nyumbani. Marehemu mume wangu Pius alikata pingili hapa hapa, akaitia kwenye chupa ya maji dirishani, ikatoa mizizi. Kesho nakuletea kipande."

Mtu wa kawaida angesema asante. Mratibu si mtu wa kawaida.

"Marehemu alikata mali ya ofisi?"

"Alikuwa tarishi wenu, baba. Ndiye aliyekuwa akilimwagilia."

"Na mpaka leo unalo?"

"Limefika darini."

"Kumbe na limeongezeka!"

Kamati ikaundwa kabla chai haijapoa. Niliteuliwa mjumbe anayewakilisha wajane, dini na watuhumiwa. Sikuona kasoro. Mtuhumiwa akiwa ndani ya kamati, mafuta ya kumtafuta yanaokolewa. Kazi yangu ilikuwa kufungua kila msako kwa sala.

Msako wa kwanza ulikuwa kwangu. Nikasali, nikafungua mlango, nikawaonyesha. Dereva Ngosha akalibandua ukutani, Katibu Jonathan akaandika namba kwa rangi kwenye kopo lake, likapelekwa stoo ya ofisi, chumba kisicho na dirisha. Ukutani pakabaki alama za vijimizizi. Vitu vya Pius vyote vimechakaa. Hicho kimoja ndicho kilichokuwa bado kinaota. Lakini kamati ni kamati. Nikafunga kwa sala pia, nikamwomba Mungu alirudishe, bila kutaja jina la mtu.

Mratibu akaita waandishi wa habari. "Kilichochipua kwa mwenye mali ni cha mwenye mali!" akasema. "Tutakifuata popote, hata kikiwa kwa mama yangu mzazi!"

Tukafuata. Igogo tulimkuta Teodora, fundi cherehani. "Jani?" akauliza. "Mafisadi mmeshawamaliza?" Jonathan akamjibu kwamba hao wana kamati yao. Mkuyuni tukaingia saluni kwa Sabina, ambako ua lilizunguka kioo kizima.

"Aisee, mtanifunga kwa jani?" Sabina akacheka, kitana mkononi. "Mimi nilipewa na bibi mmoja wa Busisi anayeleta viazi vitamu sokoni. Na yeye aliletewa na mwanawe, bosi huku mjini. Ana kitambi, anasema, lakini hana nafasi ya kumtembelea."

Mratibu akakohoa. "Ng'ambo ni mbali. Tuishie hapa."

Jonathan ni kijana asiyepunguza hata nukta katika maneno ya mkubwa. "Mkuu, ulisema hata kwa mama yako mzazi. Imeshatoka redioni."

Tukavuka daraja.

Bibi Modesta tulimkuta shambani anakata marando ya viazi kumpa jirani. Ukuta wa jiko lake ulikuwa mabaka matupu, majani mapana kama sahani.

"Shikamoo mayu," akasema Mratibu, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia ofisini.

"Marahaba. Mwaka huu umekuja na gari la serikali. Nimeua nani?"

Jonathan akamsomea kauli. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisu kikiwa kimetulia.

"Kilichochipua kwa mwenye mali ni cha mwenye mali?"

"Ndiyo, bibi."

"Hata kikikulia kwa watu?"

"Hata."

"Hata kikinenepa kwa mbolea ya watu?"

"Kauli haibagui mbolea, bibi."

Bibi akamtazama mwanawe, akaanzia kitambini. "Basi huyu ni wangu. Niliwaazima akiwa mwembamba. Vua viatu, Mashimba, kuna matuta yanakusubiri."

Kamati ikajitenga kando ya zizi. Jonathan akasema kauli haina mwanya. Ngosha akasema gari likipungua mzigo litakula mafuta kidogo. Wakanigeukia mimi, upande wa dini. Nikasema amri ya nne ya Mungu, waheshimu baba na mama, haipingani na kauli ya Mratibu. Kwa kweli ni mara ya kwanza zinakubaliana.

"Jonathan!" Mratibu akapiga kelele tulipopanda gari bila yeye. "Mimi ni mkuu wako!"

"Ndiyo, mkuu. Ndiyo maana tunatekeleza."

Alirudi Jumatatu, viganja vina malengelenge. Kabla hajaketi akaamuru majani yote yarudishwe kwa wenyewe. La kwangu, kwa kukaa gizani, lilikuwa limetoa majani ya kijani kitupu, mabaka hakuna. Nikaliweka dirishani pa Pius, nikaliacha lijikumbuke.

Jioni Mratibu akabisha hodi, chupa tupu mkononi.

"Mama Evelina, naomba pingili moja. Mayu amesema hanipi mpaka nimalize matuta."

Nikamkatia ile yenye mabaka ya zamani, chini ya kifundo. Akaipokea kwa mikono miwili. Nikamwonya asiimwagie chai.

Mgeni mkubwa alipowasili, ua lilikuwa mezani lina mizizi. Jonathan, asiyependa mali ikae bila alama, alikuwa ameandika kwenye chupa: *Mali ya Mama Evelina.* Na mgongoni mwa kiti cha Mratibu: *Mali ya Bibi Modesta. Irudishwe kila Jumamosi.*

Mgeni akasoma yote mawili. Akauliza kama ile kauli bado inatumika. Tukamwambia inatumika.

Akaomba udhuru, akatoka nje kupiga simu. Kupitia dirishani nilimsikia akianza: "Shikamoo, mama."