Cheti cha Kufanana

Mjini hapa hajazaliwa wa kumzidi Profesa akili. Waliojaribu bado wanatafuta viatu vyao.

Siku ya kura alinyoa ndevu, akavaa tai, akaweka meza nje ya shule iliyogeuzwa kituo. Kwenye foleni kila mtu alikuwa akichungulia kadi yake kwa wasiwasi. Picha zilipigwa miaka kumi nyuma, na miaka kumi haina huruma na sura ya mtu. Papo hapo Profesa akabuni Cheti cha Kufanana.

"Mama, huyu wa kwenye kadi mwembamba," alimwambia fundi cherehani mmoja. "Wewe... Mungu amekujalia."

"Nimezaa wanne, baba!"

"Mimi nakuelewa. Karani je? Lakini naweza kuthibitisha kwamba wewe unafanana na wewe."

Uchaguzi uliopita mama huyo alirudishwa kwa kusahau kadi nyumbani, akalia njia nzima. Safari hii harudi bila wino kidoleni. Akatoa nauli yake. Profesa akampima pua kwa rula, akagonga muhuri. (Muhuri ulikuwa wa duka la mbolea, lakini mambo ya ofisi tusiyachimbue sana.)

Kufikia saa tisa alasiri, nusu ya foleni ilikuwa inafanana. Ndipo Profesa, raia mwema, akaingia kupiga kura yake.

Karani akatazama kadi, akamtazama yeye. "Huyu ana ndevu."

"Nimenyoa leo, dada."

"Cheti cha Kufanana kiko wapi?"

Profesa akacheka. Karani hakucheka. Mlangoni alisimama yule fundi cherehani, kidole kina wino, mikono kaikunja. Alishapiga kura kwa kadi yake tu, na habari yote ya cheti alikuwa ameshamweleza karani.

"Bila cheti, kaka, kaa pembeni. Tunakaribia kufunga."

Damu ikamchemka. Kunyimwa haki, yeye!

"Cheti gani?" akafoka. "Sheria haidai cheti! Kadi inatosha, hata mtoto anajua!"

Foleni nzima ikageuka.

"Kumbe haidai?" mtu akauliza, polepole.

Profesa hakutetereka. Aliruka ukuta na mfuko wake umejaa, na mpaka leo...

"Ukuta gani?"

Wenzangu kijiweni wakageuka. Mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu na mzigo wa vitambaa.

"Ile shule ina uzio wa michongoma, Profesa. Endelea, mwanangu. Waambie ulivyonasa, ukarudisha hela za watu ukiwa umening'inia. Na miiba tulikuchomoa wapi."