Mbili kwa Kila Mia

Obadiah Masese alikuwa na shati moja jeupe, tai mbili, na mdomo wa kutosha watu wanne. Asubuhi aliyoingia dukani kwa Bipin, Kisii mjini, kununua wembe, aliwakuta kina mama wa kwaya ya Waadventista kutoka Ikonge wakigombania bei ya kitambaa cha sare.

"Mwezi jana ilikuwa mia na ishirini," alisema mwimbishaji wao, Tryphosa, mjane mwenye ekari mbili za chai na sauti ya kuitisha mvua. "Leo mia na arobaini. Kitambaa kimezaa?"

"Mama, kitambaa inatoka ng'ambo," Bipin akajitetea. "Mimi nalipa na dola. Dola ikipanda, shilingi inaanguka, na mimi naanguka na yeye."

"Na dola ikipanda, nani anacheka?"

"Yule alinunua jana."

Obadiah akasahau wembe. Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, na ofisi za kubadilisha pesa za kigeni zilikuwa zimeruhusiwa juzijuzi tu kule Nairobi. Ikonge habari ilikuwa imefika bila maelezo. Na penye habari bila maelezo, ndugu yangu, mjanja huingia bila kubisha hodi.

Siku hiyo hiyo aliuza pikipiki yake kwa elfu kumi na sita. Hiyo ndiyo mali yote aliyokuwa nayo hapa duniani, na ya mbinguni hakuwa ameanza kuiweka. Lakini mtego mtupu haunasi hata panya. Wiki tano zilikuwa zimebaki bonasi ya chai itoke, yale malipo ya mwisho wa mwaka kutoka kiwandani, wanakwaya walikuwa thelathini, na kila mmoja hangekosa elfu kumi. Laki tatu! Angehamia Nakuru, afungue baa, kisha atubu kwa nafasi.

Jumanne akatokea kwenye kituo cha majani chai, tai imekaza koo, mkononi mkoba na kipande cha chaki. Kina mama walikuwa wameketi kando ya vikapu vyao wakingoja lori.

"Bwakire, kina mama! Mimi ni Mwalimu wa Dola."

"Dola inafundishwa?" Tryphosa akauliza. "Si inatumiwa tu?"

"Mama, hata ng'ombe anakamwa, lakini kuna wanaopigwa teke." Wakacheka. Akachora ukutani. "Shilingi na dola ni watu wawili kwenye mzani. Mmoja akipanda, mwenzake anashuka. Na dola ina bei mbili: ya kuinunua na ya kuiuza."

"Kama ndizi," Tryphosa akasema. "Mchuuzi ananunua mkungu kwangu shambani kwa sitini, anauza soko la Nyamache kwa mia. Hapo katikati ndipo anakula. Wewe, Mwalimu, unakula wapi?"

Obadiah akakohoa kidogo. "Mimi nakula furaha yenu."

Sasa, mlaghai wa kawaida angesema: leteni zote. Obadiah hakuwa wa kawaida. Alijua binadamu ukimwambia fungua mfuko, anaufunga. Mwambie funga, ataufungua mwenyewe. Kwa hiyo akafundisha hadhari, tena kwa uchungu wa mhubiri.

"Nani hapa husaga wimbi wote, hata wa mbegu?"

"Hakuna!"

"Basi mbegu hailiwi! Ukiwa na mia, hatarisha mbili tu. Dola ikikuangusha, umebaki na tisini na nane za kuamkia. Na kabla hujaingia, jua mlango wa kutokea. Weka alama: nikifika hapa, natoka, hata dola ikinitabasamia namna gani. Anayetaka, nitamnunulia dola Nairobi, Jumanne ijayo namletea chake."

Tryphosa alikuwa na elfu ishirini za kuuza fahali. Akapiga hesabu kwa vidole, akatoa mia nne. Wenzake, waliomwamini kuliko walivyoamini redio, wakaleta mia nne nne. Elfu kumi na mbili.

Obadiah angeweza kukimbia nazo. Alizitazama, nazo zikamtazama. Lakini mwenye kuota laki tatu huona elfu kumi na mbili ni makombo. Jumanne iliyofuata akarudi akimpa kila mmoja mia tano. "Dola imepanda!" Hakuwa amenunua dola hata moja, ile mia ya juu ilikuwa gurudumu la pikipiki yake.

Kina mama wakaweka tena mia nne nne, faida wakaitia kwenye mkoba wa kwaya. Mbaya zaidi, wakatunga wimbo. Sauti ya kwanza ikiita, "Mbili kwa kila mia," ya pili ikijibu, "Mbegu hailiwi," na besi, ambayo ilikuwa ya Bathsheba peke yake, ikinguruma, "Mlango, mlango, ujue mlango."

Wiki ya nne Obadiah akaanza kutokwa na jasho. "Kina mama, hata Petro alitoka mashuani! Mara moja tu, ongezeni."

"Alizama," Bathsheba akasema.

"Mwalimu anatujaribu," Tryphosa akawaeleza wenzake. "Mwalimu mzuri lazima ajaribu." Wakamwimbia.

Siku ya bonasi ikafika. Obadiah alivaa raba badala ya viatu, maana Nakuru si karibu. Akalipa kwanza, ili imani ichemke: mia tano kwa kila mmoja, mpaka mkoba wake ukabaki na harufu ya pesa tu. Kisha akaufungua wazi, mdomo juu, kama kifaranga.

"Sasa, kina mama. Dola inapaa leo. Bonasi!"

Tryphosa akajifunga leso vizuri.

"Mwalimu, sisi tumetoka."

"Mmetoka wapi?"

"Kwa mlango. Tuliweka alama siku ya kwanza: faida ikifika elfu kumi na tano, bei ya mabati ya kanisa, tunatoka hata dola itabasamu. Leo imefika."

"Lakini dola inapanda!"

"Nimekuwa nikienda kwa Bipin kila Jumatatu," Tryphosa akasema kwa upole, kama anayemfariji mfiwa. "Wiki mbili dola ilishuka, na wewe ukatuletea mia ile ile. Nimeuza ndizi miaka thelathini, Mwalimu. Sijaona ndizi inayopanda bei kila soko. Nikawaambia hawa: dola hii haiko Nairobi. Dola ni huyu mwenye tai."

Obadiah akaketi juu ya kikapu cha majani ya mtu. Pikipiki yake yote, kuanzia taa hadi honi, ilikuwa inaenda kuwa paa la nyumba ya Mungu. Akapapasa mfukoni. Alikuwa amebakiza elfu moja ya bei ya pikipiki, lakini ilikuwa imeliwa na chai, mandazi na chaki.

"Mama," akasema, "nisaidie basi mia moja ya nauli."

Tryphosa akawageukia wenzake, akainua mkono kama anayeanzisha wimbo.

"Kwaya! Kwa mia moja, ni ngapi?"

"Mbiliii!" wakaitikia kwa sauti nne.

Akafungua fundo la leso yake, akamwekea kiganjani sarafu mbili za shilingi, kisha akamkunjia vidole.

"Na moja usiile," akasema. "Ni ya mbegu."